Zaituni, Injini Nimeifungua

Gereji, Mandewa
Saa tisa mchana

Zaituni mama,

Sikuulizi hali, kwa sababu asubuhi nimekuona mwenyewe ukipita na ndoo, mzima kabisa, umenuna vizuri. Shikamoo yangu umenipa. Tangu tugombane hujaniruka hata siku moja, na kwa hilo namshukuru mama yako aliyekulea. Ila shikamoo yako siku hizi unaiacha mlangoni kama mtu aliyetumwa maziwa kwa jirani, unageuka kabla sijaitikia. Leo ni siku ya kumi na moja. Nimehesabu mwenyewe, na hesabu ndiyo iliyonitoa shule darasa la sita, kwa hiyo ujue nimejitahidi.

Nakuandikia kwa sababu kwa mdomo nitaharibu. Unanijua. Nikianza kusema jambo zito, hapo katikati naona upenyo wa mzaha, natokea hapohapo, watu wanacheka na jambo linabaki palepale. Karatasi haichekei mtu. Nimekaa juu ya tairi, ubao nimeuweka mapajani, nasubiri ikauke silikoni niliyopaka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Kwenye kichupa wameandika isubiriwe saa nzima. Zamani nilikuwa nasubiri sigara moja.

Kesho asubuhi unaondoka kwenda Kahama kuanza kazi. Tiketi ya basi unayo kwenye pochi, mama yako ameniambia. Na hapa mbele yangu ipo pikapu niliyokuahidi siku uliyomaliza chuo, ina injini ya mtumba tuliyoagiza Dar. Ulisema huipandi, na ulisema mbele za watu. Mimi nataka kesho uipande. Hiyo ndiyo haja ya barua hii, sizunguki. Lakini kabla hujaamua kuna mambo ni lazima uyajue. Mengine yananitia aibu, na nitayaandika na aibu yake.

Habari za chakula, chumba, kufunga mlango na watu wa kuwaepuka, mama yako amekuandikia kurasa nne. Sina la kuongeza. Kuhusu wanaume wa Kahama nitasema tu kwamba mimi mwenyewe nimewahi kuwa mwanaume Kahama, kwa hiyo msikilize mama yako.

Turudi siku ile. Injini iliposhuka kwenye lori, kila fundi wa mtaa huu alikuja kuangalia rangi kwenye vichwa vya bolti. Ndivyo tunavyofanya hapa. Kama rangi ya kiwandani haijabanduka, maana yake hakuna spana iliyowahi kupita, na injini hiyo tunaiita haijaguswa, na muuzaji anaanza kuongea kama imamu. Tukaiweka juu ya tairi kuukuu, tukaiunganisha na betri na kidumu cha petroli, tukaiwasha. Ikanguruma vizuri mno, mpaka yule muuza chai akaacha birika lake akaja kusikiliza. Watu wakaniangalia. Mimi nikaangalia juu kama mtu aliyeizaa.

Ilipozimwa ukachukua tochi, ukainama. Ukakaa kule chini muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Inasikika vizuri, baba," ukasema. "Tuifungue."

Profesa, fundi wetu wa nyaya za magari, ambaye chuo alichosoma hakuna aliyewahi kukiona, akacheka. "Binti, mgonjwa asiyelalamika unampasua wa nini?"

"Shikamoo, baba mdogo," ukamjibu. "Huyu halalamiki kwa sababu hajapanda mlima."

Watu wakacheka, na kicheko kikaenda upande wako. Hapo ndipo nilipoharibika.

Ukaendelea, tena kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma orodha ya dukani. Tubadilishe mkanda wa taimingi, sili za mbele na za nyuma, zile raba za kuzuia oili, pampu ya maji. Tushushe sampu tuone chini kuna nini. Injini ikishaingia ndani ya gari, kuifikia sili ya nyuma ni mpaka giaboksi ishuke, lakini sasa hivi iko wazi, ni kazi ya siku mbili.

"Hii haijaguswa," nikasema.

"Ndiyo maana, baba. Mpira hauulizi kama umeguswa. Unazeeka tu."

"Nimeanza kuweka injini kabla hujaota meno."

"Basi unaogopa nini?"

Nikakuambia maneno ambayo nayarudia hapa ili ujue sijayasahau: kwamba cheti chako kinafaa kufungulia soda, na kwamba uweke spana yangu chini. Ukaiweka. Hukuitupa, uliipangusa kwanza. Ukasema, "Nitapanda basi," ukaondoka, na wale watu wote ambao walikuwa wanacheka wakakumbuka kwamba wana kazi.

Unaogopa nini. Mama, mimi nimekuwa utingo wa malori miaka saba. Nimefika Lubumbashi, Lusaka na Bujumbura. Nimefukuzwa na fisi kwenye pori la Rungwa, na nimefukuzwa na mwanamke mmoja wa Bujumbura ambaye mbio zake zilikuwa nzuri kuliko za fisi. Nimelala mahabusu za nchi tatu na katika zote niliondoka nimefundisha askari kucheza karata. Hakuna mtu katika safari zote hizo aliyewahi kuniuliza swali hilo. Umeniuliza wewe, mbele ya muuza chai. Sasa nakujibu.

Ulikuwa na miaka tisa. Alikuja hapa mkulima wa vitunguu kutoka Mkalama, Mzee Gunda, na kigari chake cha mizigo ambacho injini yake ilikuwa imenoki, imekufa kabisa. Alikuwa amenunua nyingine ya mtumba, ina rangi yake ya kiwandani, haijaguswa. Gari lilikuwa linaendeshwa na mwanawe Daudi, mtu mzima mwenye mke, mpole, mtu wa kusikiliza gari linasema nini. Wakati huo mji mzima waliniita Haijaguswa, unakumbuka, na nilikuwa na sifa moja: asubuhi injini inaingia, jioni gari linatoka. Kutoka Kilimatinde mpaka Kiomboi walilijua hilo. Watu walikuwa wanakuja kukaa pale kwenye benchi kuangalia kama kweli nitamaliza kabla jua halijazama, na mimi nilifanya kazi huku nikiwasimulia Bujumbura, na nilimaliza.

Siku ile nilipokuwa nafunga, niliutazama mkanda wa taimingi. Ulikuwa na nyufa. Soma tena hapo, nimeandika niliutazama. Sikukosa kuuona. Duka lenye mkanda wa aina ile lilikuwa Dodoma, ungefika kesho yake kwa basi, na nilishatangaza kwamba jioni gari linatoka. Nikajiambia, utafika. Sijui utafika wapi, sikumalizia. Nikafunga kifuniko. Jioni gari likatoka, watu wakanipigia makofi.

Safari ya pili ya vitunguu, wakiteremka mlima Sekenke, mkanda ukakatika. Mkanda huo ukikatika injini haina mjadala, inazima. Na injini ikizima breki zinakuwa ngumu, unakanyaga kama unakanyaga jiwe. Upande mmoja kulikuwa na mlima na upande wa pili hakuna kitu. Daudi akalibamiza gari mlimani. Mzee Gunda akavunjika mguu wa kulia mahali pawili, lakini wote wawili wakatoka hai, na walitoka hai kwa sababu ya mikono ya Daudi.

Gari likavutwa mpaka hapa. Nikafungua kifuniko, nikautoa mkanda, vipande viwili, nikauchoma pamoja na matambara. Mzee alikuja baada ya wiki kadhaa, ana magongo, Daudi amemshika kiwiko. Akaniuliza swali rahisi sana. "Fundi, ilikuwa nini?"

Nikamtazama Daudi. Nikasema, "Kijana wako anakanyaga mafuta kupita kiasi. Injini haikuwa na tatizo, haijaguswa ile."

Daudi akafungua mdomo. Baba yake akainua mkono, Daudi akaufunga. Mzee akamwambia ampe funguo, palepale, mbele yangu, mbele ya wale wa benchi. Daudi akampa. Miezi michache baadaye nikasikia amehamia Itigi na mkewe, anafuga nyuki, na kwamba kwa baba yake hafiki hata kwenye misiba.

Mimi nikaendelea kuitwa Haijaguswa. Nikanenepa. Chuo ulichosoma, mama, umesomeshwa na jina hilo. Na kila injini iliyokuja baada ya hapo sikuifungua, na sasa unajua kwa nini. Nilikuwa nawaambia watu kwamba kuifungua ni kuiharibu. Kumbe kila nilipotaka kufungua kifuniko, mkono wangu ulikuwa unakumbuka ule mkanda. Kama ningeanza kubadilisha mikanda, mtu angeuliza tangu lini Haijaguswa anabadilisha mikanda, na kwa nini. Miaka kumi na mitatu niliona bora magari ya watu yaende na bahati zao kuliko mimi kuulizwa. Hakuna mwingine aliyeanguka, na sina ujasiri wa kujisifia hilo. Mimi, ambaye nimejisifia mpaka mbio za kukimbia fisi.

Siku ya tatu baada ya wewe kuweka spana chini, nilifika hapa kabla ya wenzangu. Nikaigeuza injini yako, nikafungua bolti ya kwanza. Rangi ya kiwandani ikabanduka, ikaangukia kiatu changu. Nikaendelea.

Profesa alipofika akasimama mlangoni na chapati yake. "Haijaguswa, umeigusa?"

"Nimeigusa."

"Binti amekushinda."

"Amenishinda. Nipe hicho kitambaa."

"Sasa nikuite nani?"

"Niite Ramadhani. Mama yangu hakukosea."

Sasa nikupe ripoti, maana wewe ni fundi na una haki nayo. Mkanda wa taimingi ulikuwa umelowa oili upande mmoja, umevimba, na meno mawili yameanza kuachia. Sili ya nyuma ilikuwa ngumu kama kisoda, ningeigonga ungesikia mlio. Pampu ya maji ukiishika kwa vidole inacheza. Hayo yote uliyataja ukiwa umeinama na tochi. Ila sampu ndiyo iliyonikalisha chini. Chini kabisa kulikuwa na tope jeusi la oili iliyoganda, zito kama lami, na chujio ambalo injini inafyonzea oili lilikuwa limeziba zaidi ya nusu. Kwa hiyo ikiwa juu ya tairi, haina mzigo, haina haraka, ilikuwa inaimba. Ungeipandisha mlima na vyuma vyako vya kazi nyuma, ingekauka oili ndani ya dakika chache ingenoki, na ungekuwa peke yako porini huko mbele ya Igunga, unajiuliza baba yako ni mtu wa namna gani.

Nilikaa na lile chujio mkononi mpaka Profesa akaniuliza kama nataka kulioa.

Kesho yake nikachukua pikipiki nikaenda Mkalama. Mama yako aliuliza naenda wapi, nikasema naenda kununua vitunguu. Alinitazama tu. Vitunguu tunavyo gunia zima nyuma ya mlango.

Mzee Gunda nilimkuta uani kwake, amekaa kwenye kigoda, anachambua vitunguu, mguu wa kulia ameunyoosha mbele kwa sababu haukunjiki. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akaniuliza habari za nyumbani, za mvua, za Singida, akaagiza niletewe uji wa mtama. Ukarimu ule nusura unirudishe nyumbani. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, mimi ugomvi naujua. Uji sikuwa nimejiandaa nao.

Nikaweka bakuli chini. Nikasema, "Mzee, mkanda wa gari lako ulikuwa umechoka. Niliuona nikauacha. Daudi hakukosea kitu."

Aliendelea kuchambua. Vitunguu viwili, vitatu. Halafu akasema, "Rudia."

Nikarudia.

"Miaka yote hii nimemnyima mwanangu usukani kwa maneno yako."

"Ndiyo."

"Na leo umekuja na nini?"

"Sikuja na kitu, mzee. Nimekuja kusema tu."

"Una watoto?"

"Ninaye binti. Ni fundi."

"Anajua?"

"Atajua."

Akatoa simu kwenye mfuko wa koti, akanipa. Hakunipa namba, ilikuwa ya kwanza kabisa kwenye orodha, jina Daudi. Akasema, "Mimi nikimpigia hapokei. Mwambie wewe, na uweke sauti ya nje."

Nikapiga. Iliita mpaka ikakata. Mzee akaniashiria nipige tena. Mara ya pili Daudi akapokea, na mimi nikajitaja haraka kabla hajakata, nikasema yote kwa pumzi moja kama mtoto anayesoma shairi la shuleni. Upande wa pili nikasikia kuku wake.

"Fundi," akasema Daudi, "mimi nilijua. Niliusikia ule mkanda ukikatika. Nilimwambia baba usiku uleule hospitalini. Akaniambia fundi Haijaguswa hawezi kukosea."

Mzee Gunda alikuwa ameacha kuchambua.

"Mzee yupo hapo?" Daudi akauliza.

"Yupo."

"Mpe simu."

Nikampa. Nikatoka nje ya ua, nikasimama kwenye pikipiki yangu, sikusikiliza, na wewe unajua kwangu mimi kutosikiliza ni kazi kubwa kuliko kushusha giaboksi. Nilisubiri labda nitaitwa. Sikuitwa. Baadaye akatoka mke wa mzee, akaniambia, "Nenda tu, baba. Bado wanaongea." Nikaenda.

Sijui wameelewana au wametukanana. Sijapewa msamaha na sikuuomba, kwa sababu niliona nikiuomba nitakuwa nimemuongezea mzee kazi nyingine. Niliporudi nikawasimulia wa kwenye benchi, wote, kwa sauti ileile niliyokuwa nawasimulia Bujumbura. Nilitaka wasikie kwangu. Profesa akasema najiharibia soko. Jumatatu mwenye basi dogo la shule akaja kuchukua gari lake, akasema atajaribu fundi mwingine, akalipeleka kwa mtu ambaye, nakuambia ukweli, hawezi kutofautisha plagi na kalamu. Mwache aende. Nimesimama kwenye gereji yangu, mikono yangu ninayo, na kuanzia sasa injini ikiingia mlango huu inafunguliwa, mwenyewe apende asipende, iwe na rangi ya kiwandani au imepakwa dhahabu. Anayetaka iingie asubuhi na kutoka jioni barabara ile pale. Nilidhani nikisema hivyo nitajisikia mdogo. Wala. Tangu harusi yangu sijawahi kujisikia mrefu hivi, na harusini nilikuwa nimevaa viatu vya kuazima vyenye visigino.

Sasa wewe.

Kule Kahama utakutana na mabenchi kama hili. Yapo kila mahali penye gereji, wanaokaa juu yake ni walewale, wamebadilisha kofia tu. Watakuona msichana mwembamba na tochi yako, na watataka kujua kama unaweza kufanya haraka. Haraka ndiyo wanayoielewa, kwa sababu wanaiona wakiwa wamekaa. Kazi ya kubadilisha sili ya nyuma hakuna anayeiona, ukishafunga hata wewe huioni tena. Na ukiwa sahihi kwa ile sauti yako ya kawaida, watajisikia umewatukana. Mimi nimekosea kwa sauti kubwa maisha yangu yote na nikaheshimiwa. Kwa hiyo watukane hivyo hivyo, mama. Usishushe sauti, usiipandishe, usiombe radhi kwa sababu umeona kitu ambacho wao hawakukiona. Hata kama aliyeshindwa kukiona ni mzee mwenye tumbo na hadithi nzuri, anayekupenda.

Na utakosea. Nakujua una mikono mizuri kuliko yangu, hilo nimelijua tangu ulipokuwa unafungua redio ya mama yako na kuifunga bila kubakiza skrubu, lakini utakosea. Sikufundishi usikosee, nitakuwa nakudanganya tena. Ninachojua ni hiki tu: ule mkanda ulivunja mguu mmoja. Nyumba ya Mzee Gunda haikuvunjwa na mkanda. Ilivunjwa na sentensi moja niliyoitamka nikiwa nimesimama hapa, ambayo haikunichukua hata muda wa kupangusa mikono. Ningesema kweli siku ile, mzee angenipiga na gongo lake, ningepoteza wateja wa msimu mmoja, na Daudi angempeleka baba yake nyumbani kwa gari la kuazima.

Mama yako atasoma barua hii, najua, ataifungua kabla yako. Mama Zai, vitunguu sikununua, samahani.

Silikoni sasa imeshika, nimeigusa kwa kidole. Nikuambie ilivyokuwa. Mkanda ni mpya, sili zote ni mpya, pampu mpya, plagi, gasketi, chujio nimelisafisha mpaka unaweza kuchujia chai. Ilipoingia kwenye gari Profesa alinisaidia bila kuitwa, akaunga nyaya zote, akajidai anapita tu. Jana nikaiendesha mpaka Unyambwa na kurudi, mara tatu, nimepakia mawe nyuma. Ikaenda kama inadaiwa. Niliporudi nikalala chini nikaona unyevu wa oili kwenye ukingo wa sampu, kidogo sana, hata tone halikuwa limetimia. Zamani ningepangusa na kitambaa. Leo asubuhi nimeishusha tena, nimesafisha, nimepaka upya, ndiyo maana nimekaa hapa kwenye tairi.

Halafu nimefanya kitu kimoja ambacho Profesa anasema ni wazimu. Nimefungua kifuniko cha juu na kifuniko cha mbele cha mkanda, na sijavirudisha. Nimevifunika kwa kanga safi vumbi lisiingie. Mkanda uko wazi, alama za taimingi ziko wazi, valvu unaziona zote. Gasketi mpya iko kwenye nailoni yake, bolti nimezipanga kwenye sinia kwa mpangilio wake.

Tangu nianze kazi hii sijawahi kumruhusu fundi yeyote aje kuangalia kazi yangu ikiwa wazi. Basi lako linaondoka saa kumi na mbili na nusu. Njoo saa kumi na moja alfajiri na tochi yako. Zungusha injini kwa mkono, angalia alama, shika pampu, tia kidole popote unapotaka, kaa chini muda unaotaka. Ukiona kitu kimoja hakijakupendeza, hata kimoja, huna haja ya kunieleza. Nitakubebea begi mpaka stendi, nitakutafutia kiti cha dirishani, na sitasema neno, mzaha wala sitafanya.

Ukiridhika, funga mwenyewe. Spana namba kumi iko juu ya betri. Mimi nitakuwa nje, upande wa barabarani, na siingii mpaka uniite.

Baba yako,
Ramadhani